Kumpata daktari wa mbwa na paka Kusini, na kumlipa bila kuumia

Daktari hutafutwa mnyama akiwa mzima, anakula na kubweka. Ukingoja mpaka alale chini povu likimtoka, huna tena la kuchagua: utampokea yeyote aliye karibu na bomba la sindano, na utalipa atakachotaja. Mtwara na Lindi wataalamu wa mifugo wapo, ila wengi siku yao inaishia kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Wanaoshika mbwa na paka kila wiki ni wachache, na ukitoka mjini wanazidi kupungua. Kwa hiyo jua mapema nani yuko wapi, anaweza nini na anatoza kiasi gani.

Nani hasa unamwita dokta

Mtaani neno "dokta" limebeba watu wanne. Wa kwanza ni daktari wa wanyama mwenye shahada, masomo ya miaka mitano, na wengi wamesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro. Wa pili ni mtaalamu wa stashahada au astashahada, aliyepita kwa mfano kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) za Madaba, Mpwapwa au Tengeru. Huyu ndiye bwana mifugo au bibi mifugo wa kata. Wa tatu ni muuzaji wa duka la dawa za mifugo. Wa nne ni mtu mwenye begi ambaye aliwahi kumshikia daktari kamba, akajifunza kuchoma.

Bwana mifugo wa kata asidharauliwe. Kwa chanjo, minyoo, kupe na kidonda cha kawaida anatosha, yuko karibu, na anajua ugonjwa gani unazunguka katani wiki hii. Lakini upasuaji, uzazi uliokwama, mfupa uliovunjika au homa iliyokataa dawa ya kwanza, hayo ni ya mwenye shahada. Wote wawili wanatakiwa wawe wanatambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, linalosimamia kazi hii chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Omba jina kamili na namba ya usajili, kisha ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri kama wanamfahamu. Si utovu wa adabu. Mwenye namba huitaja bila kukunja uso.

Ofisi hiyo ya halmashauri, iwe Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa, ndipo pa kuanzia. Nenda asubuhi mapema, kabla hawajatawanyika vijijini. Ulizia nani anahudumia mbwa na paka, chanjo ya kichaa cha mbwa inapita lini, na nani hupokea simu usiku. Ondoka na majina mawili, maana siku mbwa wako atakapokula sumu huenda yule mmoja yuko kwenye semina Dodoma.

Simu ya kwanza

Mpigie mnyama akiwa mzima, na useme mambo kwa mpangilio: "Shikamoo dokta. Niko Mikindani, nina mbwa jike wa miezi saba, kilo kumi na tatu, kachanjwa kichaa mara moja. Namtafutia daktari wa kudumu." Daktari akishapata umri, uzito, jinsia na chanjo, nusu ya kazi umemfanyia.

Kisha uliza. Mwezi uliopita amehudumia mbwa wangapi, na paka wangapi? Paka mtenge peke yake, kwa sababu daktari mzuri wa ng'ombe anaweza kuwa hajamshika paka tangu amalize chuo, na paka si mbwa mdogo. Dawa kadhaa zinazomponya mbwa humuua paka. Ana atropini? Ana vitamini K1? Maswali hayo mawili yanapima mengi. Atropini ndiyo inayohitajika mbwa akila baadhi ya sumu za kuulia wadudu mashambani, zile zinazomfanya atoe mate mengi na kutetemeka. Vitamini K1 ni ya sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Daktari anayejua atazitafuta wapi saa mbili usiku, huyo weka namba yake.

Mwisho uliza bei, lakini usiulize "sindano bei gani". Uliza jumla ni kiasi gani na ndani yake kuna nini: kumwona mnyama, usafiri wake, dawa, vifaa, kurudi mara ya pili. Watu wengi Kusini hulipa kwa moyo mkunjufu sindano ya rangi yoyote, ila huona wameibiwa wakitozwa ya kumpima mnyama. Ni kinyume. Kupima ndiko kunakookoa pesa. Sindano ya kubahatisha ndiyo inayozaa sindano ya pili na ya tatu.

Kumwona akifanya kazi

Mpe kazi ndogo kwanza, chanjo au dawa ya minyoo, na umtazame mikono. Anayejua kazi huanza kwa kuuliza na kugusa. Atamfunga mbwa mdomo kwa kitambaa au atamtuliza, atainua mdomo wa juu aone ufizi. Ufizi mzima ni wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, halafu rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi mweupe kama chaki maana yake damu imepungua, na huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni kupe au minyoo. Atapima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa: mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Atapapasa tumbo, atafunua masikio, atatazama kati ya vidole. Kisha atampima uzito.

Aliyevuta dawa kwenye bomba kabla hajamgusa mnyama, mlipe nauli yake na umuage kwa adabu.

Tazama pia chanjo inatoka wapi. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, haigandishwi na haiachwi juani. Inatakiwa itoke kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, siyo mfuko wa shati. Joto la Mtwara mchana halina huruma, na chanjo iliyochemka haibadiliki rangi wala harufu. Utalipa, utapewa kadi, na mbwa hana kinga. Uliza bila woga: umeme ulipokatika jana, friji ilikaa saa ngapi bila moto? Baada ya kuchoma, aandike kwenye kadi jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe na tarehe ya kurudia. Chupa nyingi zina stika inayobanduka, idai ibandikwe.

Uzito kabla ya dawa

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mzani wa bafuni. Panda wewe peke yako, soma: 58. Panda tena umembeba mbwa: 71. Mbwa ana kilo 13. Mtoto wa mbwa au paka mtie kwenye kikapu, umning'inize kwenye mzani wa ndoano, kisha toa uzito wa kikapu. Andika kwa tarehe, rudia kila miezi mitatu, na kwa watoto kila wiki mbili.

Kwa nini? Chukua aivamektini ya sindano, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ile ya asilimia 1 inayouzwa karibu kila duka la mifugo. Mililita moja ina miligramu 10, na dozi ya ng'ombe ni mililita moja kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 kwa kipimo hichohicho angepata mililita 0.2, yaani sehemu mbili tu kati ya kumi za bomba la mililita moja. Anayevuta "moja tu" kwa sababu mbwa ni mdogo amempa mara tano. Baadhi ya mbwa wa kizungu, hasa wenye damu ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo), hawaivumilii hata ikizidi kidogo.

Dawa ya ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ni kali zaidi kwa upande huo. Ukiwa Liwale, Nachingwea au vijiji vya pembezoni mwa pori, mbwa wa kuwinda na wa shamba huumwa na mbung'o wakaambukizwa: homa, uso kuvimba, ufizi mweupe, na jicho linageuka bluu-jeupe kama limefunikwa na moshi. Diminazini inatibu, ila kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ubongo ni finyu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kilo. Pakiti ya ng'ombe inayochanganywa na maji kwa kukisia imeua mbwa ambao ndorobo ingewaachia siku kadhaa za kutibiwa. Usikubali ichomwe bila mzani, na ikiwezekana damu ipimwe kwanza. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Muulize daktari wako kama atapeleka sampuli huko na gharama yake. Sampuli ya damu husafiri kwenye baridi, si kwenye barafu inayoigusa moja kwa moja.

Chanjo: ungana na majirani

Mwaka 2010 Lindi na Mtwara ziliingia kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kugusa wilaya 28. Wengi walizoea chanjo kuja shuleni au ofisi ya kijiji bila malipo. Mradi ulikwisha, mazoea yakabaki. Kampeni bado hupita, hasa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, na ikipita peleka wanyama wote, paka na watoto wa mbwa wakiwemo. Lakini ikichelewa usiingoje mwaka mzima.

Njia ya kupunguza gharama ni hii. Chanjo ya kichaa mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi kumi, mililita moja kwa mnyama, na ikishatobolewa inatakiwa iishe siku hiyohiyo. Ndiyo maana daktari husitasita kuifungua kwa mbwa mmoja, au hukutoza kana kwamba umeinunua yote. Kusanyeni mbwa na paka kumi wa mtaa, mkubaliane Jumamosi moja asubuhi kabla ya jua kali, daktari aje mara moja. Nauli mnagawana kumi. Kila mbwa awe na kamba yake na mtu mzima anayemjua. Mbwa kumi wasiofahamiana bila kamba ni vita, si chanjo. Kwenye mitaa ambayo majirani hawataki kuguswa na mbwa, fanyieni pembeni, mbali na njia ya msikitini, na kila mtu atabaki na amani yake.

Nje ya kampeni, kichaa huchanjwa mnyama akiwa na miezi mitatu, hurudiwa mwaka unaofuata, halafu kila mwaka isipokuwa kadi inaonyesha chanjo ya muda mrefu zaidi. Chanjo ya mchanganyiko ya mbwa, inayozuia parvo, distempa na homa ya ini, huanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Hapo wengi hukosea: wanachoma moja, wanaona imetosha. Kinga aliyonyonya kwa mama bado huwa mwilini na huifuta chanjo ya mapema, ndiyo maana ile ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Kama pesa haitoshi zote, zungumza na daktari mpange hivi: hata ikikosekana nyingine, ile ya wiki 16 isikosekane.

Linganisha na parvo yenyewe. Mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu yenye harufu nzito, na anaishia kwenye dripu siku tatu mpaka tano, kila siku na malipo yake, na bado anaweza kufa. Kirusi hicho kikibaki uani huishi miezi kadhaa, kwa hiyo usilete mtoto mwingine haraka. Sakafu ya saruji osha kwanza kwa sabuni, kisha mwagia jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30, iache dakika kumi. Kwenye mchanga jiki haifanyi kitu cha maana.

Mbwa akimng'ata mtu, hesabu hubadilika kabisa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe wala kutupwa. Afungwe na kutazamwa siku kumi, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Sindano za mtu aliyeng'atwa ni kadhaa, za siku tofauti, na kwa pesa tu zinazidi sana chanjo ya mbwa.

Kupe wa nyumbani

Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia moja inayokula pesa za watu: anaishi nyumbani kwako kuliko anavyoishi kwa mbwa. Jike akishashiba damu huanguka, hupanda kwenye ufa wa ukuta wa udongo, chini ya magunia au kwenye makuti ya banda, na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa tu, baada ya wiki mbili umerudi palepale, na lawama inaenda kwa dawa.

Fanya vyote siku moja. Toa magunia na matambara anayolalia, chemsha au choma moto. Ziba nyufa kwa udongo au saruji. Nyunyiza banda na ukuta kwa dawa uliyoshauriwa, kwa kipimo cha kibandiko, huku mbwa akiwa nje. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayakufa. Kila wiki mkague mwenyewe: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kati ya vidole, chini ya mkia. Ng'oa kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, tumbukiza kwenye maji ya sabuni. Usimtumbue kwa kucha. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari acha. Vinachoma ngozi, mbwa hujilamba, na vinakwenda kwenye ini. Salfa ya mikorosho nayo ibaki kwenye mikorosho.

Homa ya kupe ikithibitishwa, mojawapo ya dawa zake ni doksisaiklini, na hapa unaweza kuokoa. Ni dawa ileile ya watu. Mwombe daktari akuandikie, ununue famasi. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 ni kidonge kimoja cha 100 kila siku kwa siku 28. Kimpe na chakula, kisha maji, kwa sababu kidonge kilichokwama kooni huchoma. Siku ya tano atakuwa anakimbia na wewe utataka kuacha. Usiache, nusu dozi ni kununua ugonjwa mara ya pili.

Paka wawe mbali na dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa, hasa zenye pamethrini. Na usimpe paka panadoli. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua, na kimeua paka wengi waliopewa kwa nia njema. Mbwa naye asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Kuhasi na hesabu yake

Jike hubeba mimba siku 63 hivi. Mimba mbili kwa mwaka zinawezekana, kila moja watoto wa kulisha, kutibu minyoo na kutafutia pa kwenda. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana: nyama nyekundu yenye vinundu, inayodondosha damu. Unatibika kwa vinkristini, sindano ya kila wiki, kwa kawaida wiki nne mpaka sita. Piga hesabu ya safari hizo kutoka Tandahimba, kisha ulinganishe na upasuaji mmoja.

Kabla ya kukubali bei ya kuhasi uliza: uzito utapimwa kabla ya dawa ya usingizi? Vifaa vinachemshwa kwa mvuke? Glavu ni mpya? Dawa ya maumivu imo? Nyuzi zitatolewa lini, na kurudi kunalipiwa? Kazi ifanyike kwenye meza, ndani, penye mwanga. Upasuaji chini ya mwembe ni wa bei rahisi siku hiyo tu. Mbwa mkubwa asile tangu usiku, maji anywe mpaka asubuhi. Kwa mdogo muulize daktari. Kiangazi ni wakati mzuri kuliko masika, tope halimfikii kidonda.

Ukipunguziwa bei, punguziwa safari: mpeleke wewe, au unganeni watatu siku moja. Usiombe kupunguziwa dozi, usingizi wala dawa ya maumivu.

Pesa ya korosho

Kwa wenye mikorosho pesa huingia mara moja, minada inapoanza kuanzia Oktoba, na kufikia Aprili imekwisha. Mbwa hajui msimu. Malipo ya kwanza yakitoka, lipia palepale vya mwaka mzima vinavyojulikana: chanjo zote, dawa ya minyoo ya mara nne, dawa ya kupe ya masika, na kuhasi kama kupo. Vingine weka kwenye kibubu au akaunti ya simu ambayo haina matumizi mengine. Elfu kumi kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka, ikibaki, inabaki. Mwenye mshahara afanye hivyohivyo kila mwezi. Ofisi ya serikali ikikutoza, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na uchukue risiti. Mfukoni mwa mtu hakuna risiti.

Dawa ya minyoo kwa watoto ni kila wiki mbili tangu wiki ya pili mpaka ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Vidonge vingi vya mchanganyiko vya mbwa ni kimoja kwa kilo 10, ila soma pakiti yako.

Chakula nacho ni matibabu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu, ambazo mtu hawezi kula, zisipelekwe kwa mbwa: sumukuvu humharibu ini na hakuna dawa ya kuiondoa. Paka hawezi kuishi kwa ugali; lazima apate dagaa, samaki au nyama. Ukikaa pwani, Msanga Mkuu, Mikindani au Kilwa Masoko, chunga bunju, samaki mwenye sumu anayetupwa mchangani wavu unapochambuliwa. Paka akimla hufa ganzi haraka kuliko bodaboda inavyofika mjini.

Usiku wa dharura

Kabla ya kutoka piga simu, tuma video ya sekunde thelathini mahali penye mwanga: mnyama akitembea au akishindwa, na picha ya ufizi. Daktari anaweza kukuambia usubiri asubuhi, na hiyo ni nauli iliyobaki. Asisubiri mnyama anayepumua kwa shida, anayetoa damu isiyokoma, aliyekula sumu, tumbo lililovimba ghafla, dume la paka linalojikamua bila mkojo, au jike aliyesukuma nusu saa kwa nguvu bila mtoto kutoka.

Kama ni sumu, beba pakiti au chupa yake. Isipopatikana, matapishi kwenye mfuko. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, na usimlazimishe kutapika bila kuambiwa: akiwa anatetemeka atavuta matapishi mapafuni. Paka asipakatwe kwenye bodaboda. Mtie kwenye tenga la kuku, funga mlango kwa waya, funika kwa kanga ili asione taa za magari, na tandika gazeti chini. Mbwa mwenye maumivu hung'ata hata anayempenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa anayetapika au kuhema. Kutoka Masasi mpaka Mtwara mjini ni kilomita 200 hivi, na Newala nako ni mbali. Mwulize daktari wa mjini kama yule wa wilayani kwako anaweza kumwanzishia dripu kwanza, wao wawili wazungumze kwa simu, ndipo mwondoke.